Maji Yasiyoonekana na Haki ya Jirani

Katika lugha yetu neno "haki" limebeba mizigo miwili. Twasema kwamba mtu fulani ana haki, tukiwa na maana kuwa sheria inamruhusu kutenda jambo, wala hapana awezaye kumzuia. Twasema pia kwamba jambo fulani ni haki, tukiwa na maana kuwa ni la uadilifu na lampasa binadamu. Mara nyingi maana hizi mbili hufuatana kama ndugu wawili waendao shamba moja. Lakini ziko siku ambapo hufika njia panda, huyu akashika kulia na yule akashika kushoto. Hapo ndipo inapotulazimu kusimama na kuuliza: je, aliyepewa haki na mahakama ametenda haki?

Nataka tulitazame swali hilo kwa njia ya maji, na hasa maji yaliyotumiwa na makampuni ya reli enzi za injini za mvuke. Huenda msomaji akastaajabu, akauliza reli na maji vina uhusiano gani. Mwanafunzi wa leo, aliyezoea garimoshi la dizeli au la umeme, hana budi kukumbushwa kwamba injini ya mvuke ilikuwa na kiu isiyokatika. Moto wa kuni au wa makaa ulichemsha maji ndani ya tangi la chuma, mvuke ukasukuma vyuma vilivyozungusha magurudumu, kisha mvuke huohuo ukatoka kwa dohani na kupotea hewani. Maji hayo hayakurudi tena. Kila baada ya mwendo fulani injini ilibidi isimame inywe, na siku ya pili inywe tena. Wala haikufaa kunywa maji yoyote tu, maana maji ya chumvi na ya chokaa yaliharibu tangi. Kwa hiyo chemchemi, vijito na visima vya maji matamu vikawa, kwa kampuni ya reli, vitu vya thamani sawa na mataruma na vyuma vyenyewe.

Nasi hatukuwa mbali na mambo hayo. Reli ya Uganda ilipokatiza nyika kavu ya Taru, ililazimu maji ya wafanyakazi yaletwe kwa garimoshi kutoka nyuma. Na ilipofika mwaka 1899 mahali ambapo Wamasai walipaita kwa jina la maji yake ya baridi, ilisimama hapo ikajenga kambi, na kambi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa jiji la Nairobi. Popote reli ya mvuke ilipokwenda, iliuliza kwanza habari ya maji. Na popote palipokuwa na maji palikuwa na watu waliokuwa wakiyanywa kabla yake. Basi reli ikisha kufika na kiu yake, maji ni ya nani?

Mwaka 1904 swali hilo liliamuliwa mara mbili, katika nchi mbili zilizorithi mapokeo yaleyale ya sheria ya Kiingereza. Shauri la kwanza lilitoka Ayalandi, la pili Texas katika Marekani. Makampuni yote mawili yalikuwa ya reli, na yote mawili yalitaka maji ya injini. Moja likashindwa, moja likashinda.

Tuanze na lile la Ayalandi. Kampuni ya reli ya Londonderry na Lough Swilly ilikuwa na njia yake iliyokatiza kijito. Pale ilipokikatiza, kampuni ilimiliki kipande kidogo cha ardhi cha ukingoni. Ikatega bomba, ikayaongoza maji mpaka kwenye tangi mbali na kijito, ili injini zake zinywe na kwenda nayo kokote ziendako. Mtu mmoja mwenye ardhi upande wa chini, jina lake McCartney, hakukubali. Akaliziba bomba, na shauri likaenda mahakamani. Mahakama ya rufani ya huko iliiunga mkono kampuni. Lakini lilipofika mbele ya Baraza la Malodi mjini London, ambalo siku hizo ndilo lililokuwa mwisho wa rufani zote, hukumu ikageuzwa.

Jaji Lord Macnaghten alieleza kwamba mwenye ardhi ya ukingoni aweza kuyatumia maji kwa namna tatu. Kwanza ni matumizi ya msingi, yaani kunywa, kupika na kunywesha mifugo yake. Pili ni matumizi mengine yanayohusika na ardhi ileile ya ukingoni, nayo yana masharti yake, ili walio chini wasidhulumiwe. Tatu ni matumizi yasiyohusika kabisa na ardhi ile. Injini inayokunywa hapa na kwenda kuutoa mvuke wake maili nyingi kutoka hapa imo katika fungu hilo la tatu. Kipande cha ardhi cha hatua chache hakiwezi kuifanya njia nzima ya reli kuwa jirani wa kijito. Kampuni haikuwa na haki, na aliye chini hakulazimika kungoja mpaka kijito kikauke ndipo alalamike.

Sasa twende Texas, katika mji wa Denison. Hapo alikuwapo mwenye nyumba mmoja aitwaye East, aliyekuwa na kisima cha matumizi ya nyumbani. Kisima hicho kilikuwa na upana wa futi 5 na kina cha futi 33. Mwaka 1901 kampuni ya reli ya Houston na Texas Central ilichimba kisima chake jirani, upana wake futi 20 na kina chake futi 66, yaani mara mbili kamili ya kile cha jirani. Kampuni ikavuta galoni 25,000 kwa siku, ambazo ni lita zipatazo 95,000, kwa ajili ya injini na karakana zake. Kisima cha nyumbani kikakauka. East akaenda mahakamani kudai fidia, na hasara yake ikahesabiwa kuwa dola 206 na senti 25.

Jaji aliyesikiliza shauri hilo kwanza alisema neno ambalo lafaa lisisahauliwe. Alisema kwamba kama kanuni ya vijito ndiyo ingetumika hapa, basi matumizi ya kampuni yalikuwa yamepita kiasi. Lakini maji haya hayakuwa ya kijito. Yalikuwa maji yanayojipenyeza chini ya ardhi, nayo yana kanuni nyingine, na kwa kanuni hiyo mdai hana lake. Mahakama ya rufani ilikataa maoni hayo ikampa East ushindi. Mahakama ya juu ya Texas, mwaka 1904, ikaupindua tena ushindi huo. Ikasema kwamba mwenye ardhi aweza kuvuta maji yaliyo chini ya ardhi yake kadiri apendavyo, hata kama kisima cha jirani kitakauka, maadamu hafanyi hivyo kwa nia ya kumkomoa mwenziwe au kwa ubadhirifu wa makusudi.

Kwa nini basi kijito kilindwe na kisima kiachwe? Majaji wa Texas walieleza sababu yao waziwazi. Waliifuata hukumu ya Kiingereza ya mwaka 1843, katika shauri la Acton na Blundell, ambamo mgodi wa makaa ulikikausha kisima cha kiwanda cha pamba. Tena wakaazima maneno ya mahakama ya Ohio ya mwaka 1861, iliyosema kwamba mwendo wa maji ya chini ya ardhi umejaa siri na mafumbo kiasi kwamba haiwezekani kuutungia kanuni. Pia walisema kwamba kumzuia mwenye ardhi kungekwamisha kilimo, migodi, reli na ujenzi wa miji.

Msomaji na aitazame hoja hiyo polepole. Kijito tunakiona. Twamwona aliye juu na aliye chini, twaona maji yakipungua, kwa hiyo twakubali kwamba huyu ana wajibu kwa yule. Maji ya ardhini hatuyaoni. Hatujui yatokako wala yaendako, kwa hiyo hakuna mwenye wajibu kwa mwenziwe. Kwa maneno mengine, jirani ni jirani maadamu jicho linamfikia. Jicho likikoma, ujirani umekwisha. Hapo ndipo penye kosa, nalo ni kosa la maadili kabla ya kuwa kosa la sheria. Kutojua kuligeuzwa kuwa haki. Na haki hiyo haikugawanywa sawa, kwa sababu palipo na giza, mwenye pampu kubwa ndiye afaidikaye na giza.

Wahenga wetu walisema, "Maji ya kifuu bahari ya chungu." Galoni 25,000 zilikuwa kifuu kwa kampuni ya reli, kiasi cha kunywesha injini zake za siku moja. Kisima cha futi 33 kilikuwa bahari ya mwenye nyumba. Mahakama iliwapima wote wawili kwa mizani moja ikasema: kila mmoja yu huru kuvuta kadiri awezavyo. Usawa huo ni wa maneno. Uhuru wa kuvuta kadiri uwezavyo, ukipewa mwenye ndoo na mwenye mtambo, ni uhuru wa mmoja tu.

Hata hivyo si haki kuwahukumu majaji wale bila ya kuusikiliza upande wao. Kwanza yasemwa kwamba reli ilikuwa ya manufaa kwa wengi. Ilibeba pamba, ng'ombe, barua na abiria. Je, mji mzima ukose garimoshi kwa ajili ya kisima kimoja? Hoja hiyo ina nguvu, na sisi tunaoishi katika nchi zenye haja ya reli, viwanda na umeme hatuwezi kuidharau. Lakini yaangalie madai yenyewe. East hakuomba kisima cha kampuni kifukiwe, wala hakuomba garimoshi lisimame. Aliomba alipwe. Ikiwa jambo ni la faida kwa wengi, basi wengi ndio wapaswao kuibeba gharama yake, kila mmoja senti yake, wala isitupwe yote juu ya kichwa cha mtu mmoja ambaye bahati yake mbaya ni kukaa karibu. Maendeleo yanayoshindwa kulipa dola 206 yanataka kusafiri bure kwa mgongo wa jirani.

Pili yasemwa kwamba sheria haina budi kueleweka na kutabirika. Ikiwa wanasayansi wenyewe hawajui njia za maji, jaji atamtia hatiani mtu kwa ushahidi gani? Hoja hii nayo ni ya kweli kwa sehemu. Lakini katika Denison jambo lililotakiwa kujulikana halikuwa na fumbo. Kisima kikubwa kilichimbwa, kisima kidogo kikakauka, na mahakama yenyewe ilikubali kwamba hiki ndicho kilichokikausha kile. Tena, tuseme kwamba hatujui. Kutojua kwapasa kutufundisha hadhari. Mtu anayepita gizani mahali walipolala watoto hutembea kwa kunyata, maana hajui nani amelala wapi. Hatukubali akimbie, kisha aseme kwamba hana kosa kwa kuwa hakuwaona.

Kanuni hiyo haikuishia kwenye kisima kimoja. Katika Texas ya magharibi, karibu na mji wa Fort Stockton, zilikuwapo chemchemi mashuhuri zilizoitwa kwa jina la Wakomanche, ambazo wenyeji na wasafiri walizinywa kwa vizazi vingi. Baadaye maji yake yaligeuzwa kumwagilia mashamba ya zaidi ya ekari 6,000. Wakulima wengine wa juu walipochimba visima vikubwa na kutia pampu, chemchemi zikaanza kudhoofika. Waliozitegemea wakaenda mahakamani, na mwaka 1954 wakajibiwa kwa kanuni ileile ya reli: maji yakiwa bado chini ya ardhi ni ya anayeyavuta, na mtu wa chemchemi hana haki mpaka yatakapochomoza yenyewe. Mwaka 1961 chemchemi zikakauka. Hata ziliporudi kububujika kidogo miaka ya baadaye, zilifanya hivyo majira ya baridi, wakati pampu za mashambani zinapopumzika. Hivyo ardhi yenyewe ilitoa ushahidi ambao mahakama ilisema hauwezi kupatikana.

Ohio, ambayo maneno yake ya siri na mafumbo yaliazimwa, iliiacha kanuni hiyo mwaka 1984, ikikiri kwamba elimu ya maji ya ardhini imekwisha kukua. Texas haikuiacha. Mwaka 1999, wenye ardhi ambao visima vyao vilipungukiwa mno na maji baada ya kampuni ya maji ya chupa kuvuta maji karibu na chemchemi waliambiwa na mahakama ya juu ya jimbo kwamba kanuni ya mwaka 1904 ingali hai, na kwamba mabadiliko ni kazi ya bunge. Injini za mvuke zilikuwa zimekwisha kuwekwa katika majumba ya makumbusho, lakini haki zilizojipatia iliendelea kutumiwa na wengine. Ndivyo zilivyo hukumu: aliyeiomba huondoka, nayo hubaki.

Je, palikuwa na njia nyingine ya kufikiri? Ilikuwapo, tena ya kale. Wanazuoni wa fikihi ya Kiislamu, ambayo pwani yetu imeijua kwa karne nyingi, nao hawakuwa na chombo cha kuonea chini ya ardhi. Lakini walisema kwamba kisima kilichochimbwa katika ardhi isiyo na mwenyewe kina harimu yake, yaani eneo la kukizunguka ambamo mwingine haruhusiwi kuchimba cha kukidhuru. Walitofautiana juu ya vipimo, wengine wakataja dhiraa 40, na walitofautiana pia juu ya ardhi iliyokwisha kumilikiwa. Jambo kubwa ni mwelekeo wa fikira zao. Walikabiliwa na fumbo lilelile la majaji wa Texas, wakatoa jibu tofauti: kwa kuwa hatujui maji yapitako, basi na tuache nafasi.

Katika mteremko wa Kilimanjaro, Wachaga walichimba mifongo iliyoyaleta maji ya mlimani mpaka migombani. Mfongo ulikuwa na wazee wake waliopanga zamu za maji, na siku ya kuusafisha kila mwenye kunywa alipaswa kufika na jembe lake. Aliyekwepa alitozwa au alikoseshwa zamu. Sisemi kwamba hapakuwa na ugomvi wala upendeleo, kwani aliye juu ya mlima ni wa juu popote duniani. Wala tusijidanganye: mfongo nao ni maji yanayoonekana. Lakini msingi wake unafaa kuchukuliwa mbele. Anayeyatumia maji ana deni kwa wenzake wanaoyatumia, na deni hilo hulipwa kwa kazi.

Sheria yetu nayo imepita njia ndefu. Mwaka 1920 sheria ya mapokeo ya Uingereza, ile inayojengwa na hukumu za majaji, iliingizwa rasmi Tanganyika kadiri hali ya nchi ilivyoruhusu. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1974 ilitangaza kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya Jamhuri. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliendeleza msingi huo: maji, ya juu ya ardhi na ya chini, ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na matumizi ya nyumbani pamoja na uhai wa mazingira hutangulizwa mbele ya matumizi mengine. Kwa sheria hiyo, kampuni ya Denison ingalipaswa kuomba kibali kwanza kabla ya kuvuta, na kisima cha nyumbani kingalihesabiwa mbele ya karakana.

Basi je, tumekwisha salama? Hatujakwisha. Sheria iliyo kitabuni ni kama ndoo iliyo ukutani. Haileti maji mpaka mtu aiteremshe. Leo mtambo wa kuchimba kisima kirefu hufika mtaani kwa lori, na kabla ya jua kuzama mtu mmoja amepata maji yake. Atajenga mnara, ataweka tangi, pengine atawauzia majirani. Hakufanya kosa kutafuta maji. Lakini ni wangapi kati yetu, kabla ya kuleta mtambo, hukiuliza kisima cha mama wa jirani kina kina gani? Na kikikauka miezi sita baadaye, ni wangapi hukubali kwamba pampu yao yaweza kuwa ndiyo sababu? Twasema kiangazi kimezidi, au kisima chake kilikuwa kifupi mno. Kila mmoja wetu ana kampuni ndogo ya reli ndani ya moyo wake, nayo ni hodari sana wa kutokuona.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake swali hili walijadili: kati ya McCartney na East, ni nani aliyekuwa na dai kubwa zaidi la utu? Wa kwanza alilindwa kabla kijito chake hakijakauka. Wa pili hakulindwa hata baada ya kisima chake kukauka. Tofauti kati yao haikuwa katika kiu, wala katika wema, wala katika bidii. Ilikuwa kwamba maji ya mmoja yalipita juani na ya mwingine yalipita gizani.

Sheria hutungwa na watu, na jicho la mtu halipenyi ardhi. Lakini akili hupenya, na dhamiri hupenya zaidi. Tunapojifunza kuheshimu kijito cha jirani tunachokiona, tumefanya yaliyo rahisi. Yaliyo magumu, na ambayo ndiyo kipimo cha ustaarabu wa taifa, ni kuyaheshimu maji ya jirani tusiyoyaona, mpaka mwenye nyumba mwenye kisima cha futi 33 aweze kulala usiku pembeni mwa mwenye mtambo, na asubuhi akateremsha ndoo yake ikapanda na maji.